Kuulizwa Hesabu Si Kutukanwa

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake. Katika sura ya 8 ya Waraka wake wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba pamoja na Tito aliwatuma ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kuwalaumu kuhusu fedha nyingi kiasi hicho. Paulo hakuona kwamba kuwa na shahidi kunaushushia hadhi utume wake. Alitaka mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu pia.

Sisi mafrateri tunaosoma filosofia tumelirudia andiko hilo mara nyingi, kwa sababu katika jamii yetu kumuuliza mtu hesabu huchukuliwa kama kumtukana. Mweka hazina wa kikundi akiulizwa risiti, hununa. Mwenyekiti akiulizwa, hujibu kwa swali: "Kwani mnaniona mwizi?" Hivyo wanyamavu huonekana ndio wenye adabu, na mwuliza swali huonekana mchochezi.

Wahenga wa Ugiriki hawakuliona jambo hili hivyo. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Siasa, anasema kwamba kwa kuwa vyeo vingi hushika fedha za umma, ni lazima kiwepo cheo kingine cha kupokea hesabu na kuzikagua, ambacho chenyewe hakishiki fedha hizo. Huko Athene kila aliyemaliza muda wa cheo alitoa hesabu, awe mwema au mwovu. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, anafundisha kwamba ni vema kila mamlaka iwe na mamlaka nyingine za kuilinganisha, ili isivuke mipaka yake.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeliweka hilo wazi. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara ya 143 inaunda ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tunamwita CAG. Yeye hukagua na kumkabidhi Rais ripoti, kisha ripoti hupelekwa bungeni. Hapo huchukuliwa na kamati: ile ya Hesabu za Serikali, PAC, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambayo huwaita wakurugenzi wa halmashauri kujieleza. Tukumbuke pia kwamba "hati inayoridhisha" ambayo halmashauri hujivunia haina maana kwamba hakuna senti iliyopotea. Maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa na vinaonyesha hali halisi. Kama fedha hizo zilitumika kwa busara, hilo ni swali lingine, na ndipo kazi ya wabunge na madiwani inapoanza.

Tulipokuwa Tingi, wilayani Kilwa, kwa utume wa likizo, tulizungumza habari hizi na wazee barazani. Kilwa Wakatoliki ni wachache, majirani zetu wengi ni Waislamu, lakini habari za fedha za umma hazina dini. Mzee mmoja mkulima wa ufuta akatuambia: "Wanangu, hao wakiulizana huko Dodoma, mimi hapa Tingi napata nini?"

Ni swali la haki, na jibu lake liko barabarani. Mei 2024, kwa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, jirani kabisa na Tingi, na magari yakakwama pande zote mbili. Barabara ikikatika namna hiyo, fedha hutolewa kwa haraka na mkandarasi hutafutwa kwa haraka. Hatumtuhumu yeyote aliyeijenga upya. Tunasema tu kwamba neno "dharura" hufupisha njia, na penye njia fupi macho yanahitajika zaidi. Mkulima wa ufuta ndiye atakayejua kama daraja lililojengwa linahimili masika yajayo.

Nchi yetu imekwisha kujifunza juu ya neno hilo. Mwaka 2006 ukame uliposhusha maji ya mabwawa, Serikali ilitafuta umeme wa dharura, na kampuni ya Richmond ikapata mkataba ambao ilishindwa kuutekeleza. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 7, 2008, na mawaziri wawili wakajiuzulu pia. Mwaka 2014 ikaja Tegeta Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 306 zilikuwa zimetolewa katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu, iliyofunguliwa kwa sababu ya mgogoro wa malipo kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL. Mbunge David Kafulila aliuliza, akabezwa, akaendelea kuuliza. CAG akakagua, na PAC chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM wakaleta taarifa. Baada ya maazimio ya Bunge, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja aliondolewa na mwingine akajiuzulu.

Sakata zote mbili zilikuwa za umeme, na umeme si habari ya mbali na Kilwa. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 imekuwa ikipita katika bomba kupitia Somanga kwenda Dar es Salaam tangu 2004 ili kuzalisha umeme huo huo. Mzee wa Tingi ana hisa katika mazungumzo ya Dodoma, hata kama hajawahi kuliona jengo la Bunge.

Tutambue pia kwamba Bunge si mahakama. Halimtii mtu hatiani. Linachodai ni uwajibikaji: aliyepewa dhamana aeleze ilivyotumika, na maelezo yasipotosha, aipishe. Mtu anaweza kuwa hana jinai na bado akapaswa kukiacha kiti.

Hapa sisi wa Kanisa hatuna budi kunyamaza kidogo na kujitazama. Taarifa ya Escrow iliyosomwa bungeni iliwataja watu waliopokea fedha kutoka kwa mmoja wa wahusika, na miongoni mwao walikuwemo viongozi wa dini, wakiwemo wa Kanisa letu. Kutajwa si kuhukumiwa, na hatuandiki ili kumhukumu mtu. Lakini waamini waliuliza kama fadhili kwa Kanisa ina haki ya kupokelewa bila kuuliza imetoka wapi. Swali hilo ni lile lile la Wakorintho, na ni letu kulijibu kabla hatujapewa funguo za parokia. Kama tunafurahi waziri akiulizwa, tusikasirike paroko akiulizwa.

Bunge nalo lilipata mtihani huo. Mwishoni mwa 2018, CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, alisema kutokufanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai alimwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Mtu anaweza kusema kwamba neno "udhaifu" lilikuwa kali. Sawa, tulijadili neno. Lakini swali lililo nyuma ya neno lilibaki bila jibu: mangapi kati ya yanayoandikwa katika ripoti kila mwaka hurudi tena mwaka unaofuata? Mwenye kazi ya kuuliza wengine asipokubali kuulizwa, mnyororo wote hulegea.

Na mnyororo huo hauanzii Dodoma. Unaanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, ambapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Swali lililoulizwa pale na kuandikwa katika muhtasari linaweza kumfikia diwani, likafika katika baraza la madiwani, mkaguzi akalikuta kwenye jalada, na LAAC ikamuuliza mkurugenzi. Swali lililobaki barazani halifiki popote. Ndiyo maana tuliwaambia wazee wa Tingi kwamba faida yao ya kwanza katika Bunge ni kwenda kwenye mkutano wao wenyewe, kukaa hadi mwisho, na kudai swali lao liandikwe.

Kwetu sisi mafrateri na ninyi waamini, mazoezi ni madogo zaidi na yako karibu zaidi. Sadaka ihesabiwe na watu zaidi ya mmoja, na mapato ya kigango yasomwe Jumapili, pamoja na matumizi yake, si mapato peke yake. Mama wa jumuiya akiuliza fedha za bati ziko wapi, aonyeshwe risiti na ashukuriwe kwa kuuliza. Frateri anayezoea kuhesabu pamoja na wengine leo hataona uchungu kuulizwa kesho akiwa paroko.