Tangi la Samaki Sebuleni, na Kilo Moja ya Chumvi



Wenzangu wakitoka fungate huletewa mkufu au seti ya vyombo. Mimi mume wangu aliniletea bahari. Lilikuwa tangi la kioo la lita 120, pampu yake, taa yake, na samaki watano aliowanunua Dar es Salaam, wakasafiri hadi Mtwara ndani ya mifuko iliyojazwa hewa: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, vitatange wawili, na mmoja mdogo wa buluu. Tulilijaza kwa madumu ya maji ya bahari. Nikalipamba kwa mchanga na mawe, nikaliweka sebuleni hapa Shangani, mahali ambapo kila mgeni anayekuja kumwona bibi harusi angeliona kabla ya kuniona mimi.

Siku ya tatu tukawatia samaki. Siku ya saba mume wangu akarudi kazini Dar, akaniachia tangi, mama mkwe na wifi.

Kwa mtu aliyezaliwa Msimbati, kuambiwa hujui maji ya bahari ni kama kutukanwa. Nimekulia kando ya Mnazi Bay. Nilikuwa mtoto eneo letu lilipofanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, kilomita za mraba kama 650 kutoka matumbawe hadi mikoko ya mto Ruvuma, na wazee walibishana vibarazani juu ya nyavu zipi zimekatazwa na miamba ipi haiguswi. Kwa hiyo nilijiona mjuzi. Vitatange wote wawili walikufa ndani ya wiki mbili. Nikamwambia mume wangu kwenye simu kwamba ni uchovu wa safari.

Haikuwa safari. Samaki anakojoa na anapumua ndani ya maji yale yale, na taka yake ni amonia. Baharini amonia haipati nafasi ya kukaa, maana maji yanapwa na kujaa. Ndani ya tangi inabaki hapo hapo, mpaka wazaliwe bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo samaki huivumilia kidogo. Bakteria hao hawaonekani. Wanakaa kwenye mawe, mchangani, na zaidi kwenye sponji la pampu, na huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Sisi tulisubiri siku tatu. Halafu maji ya bahari, kwa kuwa pH yake iko juu, kwenye 8.1 hadi 8.4, huifanya amonia iwe kali zaidi kuliko ilivyo kwenye maji baridi ya mto.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Madrasa tulifundishwa kuyapima maji ya udhu kwa rangi, ladha na harufu. Maji ya tangi langu yalikuwa meupe kama kioo, hayakunuka, na bahari ni tohara, hilo halina mjadala. Ningeweza kutawadhia. Lakini samaki walikuwa wanaungua matamvua ndani yake. Nilipopata vipimo vya matone vinavyobadilika rangi, maji yale masafi yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yangu. Usiku ule nilimkumbuka mwanamke wa kwenye hadithi, yule aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mimi nilikuwa nawalisha. Lakini niliwafungia.

Nikajirekebisha. Chakula kidogo, mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Watatu waliobaki wakatulia. Mwezi ukapita, na kila jioni niliona kina cha maji kimepungua kidogo kwa joto na feni, nami nikaongeza lita moja ya maji ya bahari kutoka kwenye dumu. Nilijivunia sana ile lita moja ya kila jioni.

Sasa nifike kwa wifi. Alhamisi moja nilikuwa sokoni. Alikuta sponji la pampu limejaa uchafu wa kahawia, akalitoa, akalifikicha kwenye maji ya bomba mpaka likang'aa, akalirudisha. Alitaka kunisaidia, na siku mbili kabla yake nilikuwa nimelalamika mbele yake kwamba nimechoka na tangi lile. Jumamosi mmoja wa samaki wa rangi ya chungwa akaelea. Dawa iliyomo kwenye maji ya bomba huwaua bakteria, ndiyo kazi yake, na uchafu ule wa kahawia ndimo walimokuwa wakiishi. Nilikuwa nimeshayasoma hayo, basi nikayasema yote, kwa sauti, mbele ya mama mkwe. Nikamwambia wifi yangu kwamba samaki hawaoshwi kama masufuria.

Hakunijibu. Siku nne tulipita ukumbini kama wapangaji. Mama mkwe alikuwa akiniita "bibi harusi" kila siku. Siku zile aliniita kwa jina langu.

Nikaomba ruhusa niende kwa mama, Msimbati. Nilijaza chupa maji ya tangi ili nikamwonyeshe, sijui nilitaka anionyeshe nini. Mama kwa miaka mingi amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Alinisikiliza habari za wifi mpaka mwisho, kisha akaniuliza jioni naongeza maji gani. Nikamwambia, ya bahari, mama, safi kabisa. Akachovya kidole kwenye chupa, akalamba.

"Mwanangu," akasema, "wewe hufugi samaki. Unavuna chumvi."

Jua linapandisha maji, chumvi haipandi. Hilo nililijua tangu nina miaka mitano, nikicheza kando ya yale mashamba. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Lita moja kila jioni kwa siku thelathini ni kilo moja ya chumvi niliyoimwaga juu ya samaki kwa mkono wangu. Kinachopungua ni maji matupu, na hurudishwa kwa maji matupu. Nilipopata kipima chumvi, kilipaswa kusoma 1.025 au 1.026. Kilipita 1.030.

Ni lipi lililomuua yule samaki, sponji la wifi au chumvi yangu? Yote mawili yanatosha. Lakini la wifi lilikuwa la siku mbili, na langu la mwezi mzima.

Kushusha chumvi hakuna haraka. Nilitoa lita tano kila siku, nikarudisha lita tano za maji ya mvua, siku sita mfululizo. Sasa kila wiki mbili nabadilisha lita ishirini kwa maji mapya ya bahari, yaliyotekwa wakati maji yamejaa, mbali na mdomo wa mto na mbali na mifereji ya mji. Masika Ruvuma inaposhuka na tope lake siteki kabisa. Natumia niliyohifadhi gizani kwenye madumu yenye vifuniko. Sponji nalikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Umeme ukikatika nakaa na kikombe, nachota na kumimina kutoka juu ili hewa iingie. (Ndiyo, umeme wetu unatokana na gesi ya Mnazi Bay hiyo hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1982. Bado unakatika.) Na tumbawe sichukui, hata kipande. Dada aliyeniuliza kama ninaweza kumletea la kupambia meza ya harusi, jibu ni hapana, habibty.

Niliporudi kutoka Msimbati nilimkuta wifi uani anachambua mchele. Nikakaa chini. Nikamwambia habari ya chumvi, kilo nzima, bila kuipunguza. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nilidhani nakusaidia, wifi. Sponji lilikuwa linanuka."

"Nilijua unanisaidia," nikamwambia. "Hata siku ile nilijua." Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitamka.

Nikamwomba radhi tena usiku, mbele ya mama mkwe, kwa kuwa maneno yangu niliyasema mbele yake.

Samaki wamebaki wawili, wa chungwa na wa buluu. Wifi ndiye anayesoma kipimo siku hizi, macho yake ni mazuri kuliko yangu, na Ijumaa asubuhi ananigongea mlango na ndoo mkononi. Juzi mume wangu alipiga simu akitaka kujua kama alete vitatange wengine. Kabla sijajibu, wifi akainyakua simu na kumwambia asubiri.

Wabillahi tawfiq.