Barua kutoka Hearst: Wavu wa Macho Madogo Sinunui

Ndugu zangu wa Bengamisa,

Nawaandikia kutoka Hearst, kaskazini mwa Ontario, Kanada. Mpwa wangu amesikia kwamba naingia mtoni na wenzangu, akaniandikia nimtafutie wavu "wa macho madogo kabisa, usiopitisha kitu". Akaongeza na picha: beseni la vidagaa waliovuliwa kijitoni kwa chandarua, hata mkubwa wao hafikii urefu wa kidole. Imeniuma. Nawajibu nyote, kwa sababu si yeye peke yake anayevua hivyo.

Kwanza niwaeleze tunavyovua huku. Mto tunaouendea unaitwa Missinaibi. Unaelekea kaskazini, unaungana na mto Mattagami na kuwa mto Moose, na maji yake yanaishia ghuba ya James. Ukishapita kijiji cha Mattice, huoni tena barabara wala duka. Moosonee, kule mwisho, ni treni tu inayokurudisha kusini, wewe na mtumbwi wako. Njiani kuna maporomoko ya Thunderhouse, ambayo yamekwisha kuua watu. Kwetu Kongo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125, kwa jasho la babu zetu, ili kuzunguka maporomoko ya Boyoma toka Kisangani hadi Ubundu. Huku mtu anazunguka kwa mabega yake: anautoa mtumbwi majini, anaubeba msituni, kisha anarudi kufuata mizigo. Ndiyo maana kila chombo cha kuvulia kinapimwa uzito kwanza.

Nabeba ufito mwepesi wa mita mbili hivi, unaofunguka vipande viwili, na mwingine wa akiba. Nabeba pia mulineti ndogo ya kukunjia mshipi, na mshipi wa kuhimili kilo nne au tano. Kwa dore, samaki mtamu kuliko wote wa huku, nina ndoano zenye kichwa kizito cha gramu saba na mkia laini wa plastiki. Dore hukaa chini, pale maji makali yanapopakana na maji tulivu. Broshe, samaki mwingine wa huku, ana meno. Ninyi mnaomjua mbenga wa mito yetu mtanielewa: bila waya mfupi wa chuma mbele ya chambo, mshipi unakatika na chambo kinakwenda naye.

Halafu kuna koleo ya mdomo mrefu. Kazi yake ya kwanza naifanya nyumbani, mezani: nabana kile kijino cha ndoano kinachomzuia samaki kuchomoka, nabana mpaka nikipitisha ukucha haukwami. Jimbo la Manitoba limeiweka hiyo kuwa sheria; sisi tunafanya kwa hiari. Mvuvi wa huku, akichagua chombo, anamfikiria samaki atakayemwachia kabla ya yule atakayemla. Leseni ya kawaida inamruhusu dore wanne tu, na kati yao mmoja tu ndiye anayeweza kuzidi sentimita 46, kwa kuwa wakubwa ndio mama wa mayai. Samaki aitwaye esturgeon haruhusiwi hata mmoja, mwaka mzima; anaweza kupita miaka 100, na jike huchelewa sana kuanza kuzaa. Wavu wa kutega kwa mvuvi wa burudani ni marufuku. Wacree, wenye nchi, wana haki yao ya kuvua, iliyoandikwa katika Mkataba Namba 9 wa 1905, na hao wanavua chakula, si mchezo.

Mtaniambia: huko watu wachache na mito mingi, huku watoto wana njaa. Nakubali. Lakini ndiyo sababu inayoniumiza zaidi: wenye samaki wa kutosha wanaachia, na sisi tunaopungukiwa hatuachii hata yai! Makapu ya Wagenia, wavuvi wa Boyoma, yana nafasi kati ya fito, mdogo anapita aende akakue. Wazee walijua hilo bila leseni. Chandarua hakijui. Tena kile cha malaria kina dawa: inayoua mbu inaua na samaki, na usiku mtoto wako analala bila kinga. Halafu tunakwenda sokoni kununua samaki wa barafu aitwaye tomsoni kutoka Namibia, sisi tuliozaliwa kati ya mito ya Lindi na Aruwimi. Hii ni aibu, ndugu zangu, naisema kwa mapenzi.

Basi sikilizeni. Wavu uwe wa macho yanayopitisha vidole vitatu. Kwa ngolo, tegeni mishipi ya usiku yenye ndoano kubwa. Ndogo zinawakamata watoto wake. Sumu ya majani ya kuulia samaki iacheni kabisa, kwani kijito hicho hicho ndicho mnachochota maji ya kunywa. Mama zetu wanaoziba kijito na kukausha maji kwa beseni wabadilishane vijito, kimoja kipumzike. Chandarua kirudi kitandani. Mpwa wangu nitamtumia ndoano kubwa, mishipi na koleo.

Na wewe kapita wa kijiji chetu, nakuomba uwaite wavuvi pamoja na mama wanaokausha vijito kabla maji hayajajaa, maana ngolo hupanda kuzaa maji yakijaa. Mkikubaliana vijito vya kupumzisha, niandikieni majina yake. Wale ambao vijito vyao vimepumzishwa ndio nitakaowatumia mishipi kwanza, wapate cha kuvulia mtoni.