Siku hizi kabureta naifungua mwenyewe

Zamani kabureta ikianza kumwaga mafuta, nilikuwa na jibu moja tu: agizeni nyingine. Sikuwa fundi. Nilikuwa muongozaji wa watalii kaskazini mwa Unguja, kazi yangu kutangulia msafara wa pikipiki za magurudumu manne kwenye njia za vumbi upande wa Nungwi na Kendwa, huku nikigeuka nyuma kila mara kuhakikisha hakuna mgeni aliyepinduka. Mashine ikigoma, anaitwa fundi. Fundi asipopatikana, mashine inalala na mwenye mali ananuna.

Mashine zetu zilivuja kila mwaka msimu uleule. Masika ikiingia, kuanzia Machi mpaka Mei, wageni hupungua na pikipiki hufunikwa turubai. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta hukauka taratibu, ikaacha utando wa kahawia unaonata. Unyevu na hewa ya chumvi navyo huila aluminiamu, humo ndani ukakuta unga mweupe. Juni tukizitoa, ukifungua koki ya mafuta tu, petroli inadondoka kwenye ule mpira mwembamba ulioning'inia chini ya kabureta. Wenzangu waliupiga fundo mpira ule, na kudondoka kukakoma. Lakini mafuta yaliyonyimwa njia ya nje huingia ndani ya injini, yakashuka hadi kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imepanda juu ya alama, nyepesi, inanuka petroli. Oili ya namna hiyo haiwezi tena kulinda chuma kisisagane, na injini huenda hivyo hivyo huku kila mtu akijisifu kuwa uvujaji umekwisha.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja wa Mkokotoni, fundi wa mashine za boti. Nilimpelekea kabureta kwa sababu fundi wetu alikuwa safarini. Nilitarajia aniambie kwamba hiyo si kazi yake. Aliigeuza mkononi, akainusa, akacheka.

"Mwanangu, hii na ya boti ni ndugu. Kaa hapo uifungue."

"Mzee, mimi siwezi."

"Nani kakuuliza kama unaweza?" Akanipa bisibisi.

Tulikaa nje, chini ya mwembe, mbali na jiko la mkewe, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Mzee mwenyewe mvutaji, ila sigara yake ilibaki nyuma ya sikio mpaka tulipomaliza. Skrubu za kikombe cha chini ni laini, bisibisi ndogo kuliko vichwa vyake inazila, kwa hiyo alinichagulia inayojaa sawasawa, akaniambia nikandamize kwanza ndipo nizungushe.

Kikombe kilipotoka nikaliona boya jeusi la plastiki, lile mafundi wanaloliita floti, na chini ya ulimi wake sindano fupi iliyosimama kwenye tundu. Ni mtambo uleule wa tangi la maji la chooni: mafuta yakipanda, boya linapanda nayo, linaisukuma sindano, tundu linazibwa. Basi kabureta yangu haikuwa na ufa wala tundu. Mlango wake tu haukuwa ukifunga. Mzee aliichomoa sindano, akaniambia niipitishe ukucha kwenye ncha yake ya mpira. Nikahisi mfereji mwembamba umeizunguka.

"Hapo ndipo yanapopita mafuta yako."

Alinionyesha na kipimo chake. Unaigeuza kabureta juu chini, uzito wa boya uikalie sindano, halafu unapuliza taratibu kwa mpira safi kwenye njia ya kuingilia mafuta. Kwa sindano ya zamani pumzi yangu ilipita. Tulisafisha kiti cha sindano, yaani lile tundu inamokaa, tukatia sindano mpya, pumzi ikagoma. Niseme kweli, nilifurahi kuliko ilivyostahili kwa kitu kidogo kama kile.

Kilichonishangaza zaidi ni oringi, ule mpira wa duara unaoziba kikombe. Ilikuwa imevimba kwa kulowa petroli, hairudi tena kwenye mfereji wake, nami nikaihesabu kuwa imekufa. Mzee akaianika kivulini. Baada ya saa chache ilikuwa imesinyaa, ikakaa mahali pake.

Tangu hapo kazi yangu imegeuka. Bado naongoza wageni, lakini Juni ikifika karakana ni yangu, na vijana wapya nawakalisha kama nilivyokalishwa. Si kila uvujaji ni sindano. Mara nyingine ni taka za kutu kutoka kwenye tangi zimekwama pale kwenye kiti, na chujio jipya linamaliza maneno. Kwenye mashine zenye koki inayofunguliwa na mvuto wa injini, utando wa ndani ya koki huchanika; chomoa ule mpira wa mvuto, ukiukuta umelowa petroli, iache kabureta, badilisha koki. Lakini kabureta nzima sijaagiza tena, na sindano pamoja na oringi yake ni bei ndogo sana ukilinganisha.

Nawaomba wenye mashine hizi: kabla hamjazifunika kwa masika, fungeni koki, acheni injini iunguze mafuta yaliyobaki mpaka ijizimie, kisha fungueni skrubu ya chini mmwage mabaki. Na oili ikinuka petroli, msiwashe injini kabla hamjaondoa uvujaji wenyewe na kutia oili mpya.