Cherehani ya Dada

Huku kwetu Miyuji mkopo wa kausha damu haubagui dini. Unachukua laki moja leo, wiki ijayo wamekwishakaa mlangoni kwako. Dada yangu, fundi wa nguo, aliapa hatagusa riba: si ya hao, si ya benki. Akiba yake ni kibubu na mchezo wa akina mama wenzake. Lakini cherehani yake imechoka, inakata nyuzi, na sare za shule ni Januari.

Basi nikamweleza habari za Amana Bank, ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa taratibu za Kiislamu, iliyoanza mwaka 2011. CRDB nao walileta Al Barakah mwaka 2021. Nikamfafanulia murabaha: hawakupi fedha, wananunua cherehani wao, kisha wanakuuzia kwa faida, unalipa kidogo kidogo.

Akaweka mkasi chini.

"Ya laki sita wananiuzia laki saba?"

"Tuseme hivyo, Dada."

"Na benki ya kawaida ingenipa laki sita, nirudishe laki saba?"

"Tuseme."

"Sasa mdogo wangu, wewe uliyesoma, tofauti iko wapi?"

Jamani! Nikasema bei ya murabaha haipandi hata ukichelewa. Nikasema ni lazima mali iwe ya benki kwanza, ikiharibika kabla hujakabidhiwa hasara ni yao. Nikasema wapo masheikh wanaokagua.

"Wanalipwa na nani?"

"Na benki."

Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Wala swali hili si la Miyuji peke yake. Uingereza ilibidi mwaka 2003 wabadili sheria, maana nyumba iliyonunuliwa na benki kisha ikauzwa kwa mteja ilitozwa kodi ya stempu mara mbili. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Islamic Bank of Britain. Hata hivyo, Waislamu wengi wa kule walibaki na benki zao za zamani. Wengine waliona gharama, wengine waliuliza kama Dada: si ni kilekile, kimevishwa kanzu?

Mimi naona tofauti ipo, ila ni nyembamba, na inategemea benki kuinunua kweli ile mali, isiwe kwenye karatasi tu. Dada naye kalishika hapo hapo.

"Nenda kawaulize," kaniambia, "cherehani ikianguka njiani kabla haijanifikia, ni ya nani. Nawe watazame usoni wakikujibu."

Kesho napanda daladala kwenda mjini.