Tundu la Waya wa Televisheni

Nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe, ina ghorofa mbili na ngazi zilizosimama karibu wima. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu wajenzi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko. Ndani mna ubaridi hata Februari. Ubaya wake ni kwamba kuta zinazozuia joto huzuia na mawimbi ya redio.

Zamani hilo halikutuhusu, maana intaneti haikuwa kitu cha nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliifuata kafe, nikalipa kwa saa. Mawasiliano yalipitia setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu yetu, kwa hiyo ukibofya kitu unapata nafasi ya kumjulia hali mwenye kafe na watoto wake. Mama mdogo wangu anaishi Maskati. Barua pepe zake nilizichapisha, nikapanda nazo ngazi hadi chumba cha mama, nikamsomea. Mama alinitajia majibu, nami niliyaandika nyuma ya karatasi ileile ili kesho niyapeleke kafe. Salamu zilichukua nusu ya ukurasa. Habari yenyewe mara nyingi ilikuwa mistari miwili.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam, na watu wakaanza kuzungumzia kasi. Sisi Unguja, Desemba ya mwaka huohuo, njia ya umeme inayopita baharini kutoka bara iliharibika, tukakaa gizani hadi Machi 2010. Kasi hatukuwa na habari nayo. Tulitafuta penye jenereta ya kuchajia simu. Umeme uliporudi zikaja modemu za kuchomeka kwenye kompyuta, kisha simu zenye bando, na kafe niliyoizoea ikageuka duka la vifuniko vya simu.

Rauta ya kwanza tuliwekewa ukumbini chini, karibu na mlango, mahali pa mwisho ambapo fundi alifikisha waya wake. Chini kulikuwa na raha. Ukipanda ngazi ya kwanza, vile vistari vya waifai vinaanza kupungua. Ukifika kwa mama, hakuna kitu. Naye sasa alikuwa na simu yake, na dada yake alitaka kumuona uso. Ikawa kila wanapotaka kuzungumza lazima mama ateremke, na magoti yake hayazipendi zile ngazi.

Nikaenda Darajani. Kijana wa duka alinitolea mashine yenye antena sita. "Ami, hii inapasua ukuta," akaniambia. Bei yake ingelipa intaneti yetu ya miezi kadhaa. Bahati nzuri fundi wetu alikuwa ameshanionya: rauta hata ikipiga ukelele namna gani, simu iliyo mkononi mwa mama nayo lazima ijibu, na sauti yake ni ndogo. Antena sita hazimpi mama simu nyingine. Tena ile mashine ilisifiwa kwa mawimbi yake ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi kweli, lakini ukutani huishiwa nguvu mapema kuliko yale ya 2.4, sembuse ukuta wa matumbawe ulionyonya unyevu wa bahari kwa miaka.

Kilichonitamanisha ni ripita, kile kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi ya umeme. Ni rahisi, na hakitaki waya. Lakini ripita za bei ya chini zina redio moja tu: inasikiliza, kisha inarudia kilekile kwa masafa yaleyale, na kasi inakatika karibu nusu. Halafu ukiiweka chumbani kwa mama, pasipofika kitu, itarudia nini? Seti za rauta zinazoshirikiana nazo niliziona, nzuri za kutazama, ila zikiunganishwa bila waya zinakutana na ukuta uleule.

Kwa hiyo waya. Tatizo likawa pa kuupitishia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kutoboatoboa nyumba si jambo la kujiamulia. Hata bila hilo, chokaa kongwe ikiguswa na drili humwagika mpaka unajuta. Ami yangu ndiye aliyekumbuka. Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara wakiwa bado wana miaka ishirini ya kungoja, babu alipitisha waya wa antena kutoka darini hadi ukumbini. Televisheni ile ilikufa kitambo, lakini tundu lilikuwepo bado, nyuma ya kabati, limezibwa kwa gazeti. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100. Sisi tulihitaji chini ya robo ya hizo.

Ukishakuwa na waya, rauta ya pili haina haja ya kuwa hodari. Nilinunua TP-Link TL-WR841N iliyotumika, kwa shilingi 30,000. Ina masafa ya 2.4 pekee, na matundu yake hayapitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Kifurushi chetu ni megabiti 10, basi hizo nyingine ningezifanyia nini? Nilichokagua ni adapta yake kulingana na volti zilizoandikwa chini ya kisanduku, kitufe cha kuirudisha upya, na kwamba haikufungwa kwa kampuni moja ya simu. Hilo la mwisho ndilo huwaponza wanunuzi wa vya mtumba.

Fundi aliibadilishia anwani isigongane na ya chini, akaizima kazi ya kugawa anwani ili igawe rauta ya chini tu, akachomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Jina na nywila vikawa vilevile vya chini. Nyumba za wageni zilizotuzunguka karibu zote zilikuwa zimejazana chaneli ya 6, kwa hiyo chini tukaweka 1, juu 11. Kasoro ipo: ukipanda na simu, wakati mwingine inang'ang'ania rauta ya chini hadi uizime waifai na kuiwasha.

Mama hateremki tena kwa ajili ya Maskati. Kule wako mbele yetu kwa saa moja, na kiangazi chao alfajiri huingia mapema mno. Mama mdogo akimaliza kuswali saa 10 anampigia dada yake, na kwetu ni saa 9 ya usiku. Mama aliniuliza kama kile kisanduku kina namna ya kulala. Nikamwonyesha swichi ya ukutani. Sasa huizima mwenyewe baada ya Isha, na wajukuu wanaolala chumba cha jirani ndio wanaonilalamikia mimi.