Wosia kwa Mwipwa Wangu Kuhusu Sanduku la Kadi

Mwipwa wangu,

Kwetu Babemba mali ya mjomba hushuka kwa mwana wa dada. Yangu unaijua: meza ya ufundi pale Kamalondo, mkebe wa bisibisi, sanduku la kadi, na ile kompyuta ya Amiga 2000 iliyofunikwa kitambaa. Daktari ameshasema lake. Sitaki ndugu waje kugombania vitu wasivyovijua kisha waviuze kama vyuma chakavu, ndiyo maana naandika.

Nianze na Amiga. Mwaka 1991 uporaji ulianza Kinshasa mwezi wa tisa, ukatufikia Lubumbashi mwezi wa kumi, na wageni wengi wakaondolewa chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji na Ufaransa. Mwenye mashine hii alimwachia mpishi wake vyombo vyote vya nyumba, na mpishi akaniuzia kwa bei ya redio. Commodore, kampuni iliyoiunda, ilifilisika Aprili 1994. Lakini fungua kifuniko utazame: sloti tano za Zorro zimejipanga, na pembeni nyingine za ISA kama za kompyuta za IBM. Hizo sloti, ambamo kadi huchomekwa, ndizo urithi wenyewe.

Wateja hunishangaa nikichomeka flashi kwenye mashine ya 1987, maana USB yenyewe ilitangazwa 1996. Inawezekana kwa kuwa waliochora mashine waliacha nafasi ya kitu ambacho bado hakijazaliwa. Apple II ya mwaka 1977 ilikaribia kukosa bahati hiyo: Steve Jobs alitaka sloti mbili tu, ya printa na ya modemu, Steve Wozniak akakataa katakata, zikawa nane. Mimi niko upande wa Wozniak. Simu yako isiyofunguka bila kuvunjwa haijanigeuza.

Sasa sikiliza vizuri. Ukipata Amiga 2000 nyingine, usikimbilie kutafuta kadi. Tafuta kwanza betri ndogo yenye umbo la pipa iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu. Ni ya nikeli na kadimi, na ikizeeka huvuja. Utaona ukoko wa kijani umetambaa kwenye njia za shaba, kijani kilekile cha malakiti ambayo vijana wetu huing'arisha kuwauzia wageni. Usidanganyike na uzuri wake, kwani chini yake shaba inaliwa. Ikate betri na uitoe. Kinachovuja ni alkali, kwa hiyo pangusa kwa siki kwenye pamba, suuza kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Kisha pima kila njia kwa mita, moja baada ya nyingine, hadi kwenye miguu ya sloti. Vijana wengi hulaumu kadi wakati njia moja nyembamba kama unywele imekatika.

Kadi ya USB iliyo ndani ya Amiga ni Deneb, ya Ujerumani. Binamu yako wa Ubelgiji ndiye aliyenitafutia. Kadi za Zorro zina adabu: mashine inapowaka, kadi hujitaja ni nani na inahitaji nafasi kiasi gani, na mashine huipangia anwani. Huna cha kugusa. Ila kadi bila programu ni bati tu, kwa hiyo itunze diski ya Poseidon, programu ya Chris Hodges, ndiyo inayoifundisha Amiga kuzungumza na flashi, kipanya au printa. Wala usimwahidi mteja kasi. USB 2.0 huandikwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini mlango wa Zorro II hupitisha megabaiti chache tu, na mlango mwembamba ndio unaoamua.

Kadi za ISA za zamani hazina adabu hiyo. Anwani unaichagua mwenyewe kwa vijipini, na kadi mbili zikipewa namba moja zote hunyamaza. Kadi ya sauti ya Sound Blaster kwa kawaida hukaa 220, hapo usimweke mwingine. Katika sanduku kuna kadi ya ISA yenye chipu CH375, kazi ya kampuni ya Nanjing. Inasoma flashi tu. Kipanya na kibodi haivijui. Kwa DOS 6.22 gawa flashi kwanza, sehemu isizidi gigabaiti 2, la sivyo utahangaika usiku kucha bure.

Umeme nao. Tundu la USB hutoa volti 5 na miliampea 500, zote zikitoka kwenye pawa saplai iliyozeeka kuliko wewe. Diski kubwa ya nje ipe adapta yake. SNEL wakikata umeme, chomoa kila kitu. Wakirudisha, subiri kwanza, maana umeme unaporudi hapa kwetu hurudi kwa fujo.

Usifanye kazi hii ili mashine kuukuu ijidai mpya. Nani atavinjari intaneti kwa kompyuta ya 386? Tunatia tundu jipya ili kilichofungiwa ndani kitoke: vitabu vya ubatizo vya parokia, hesabu za ushirika, tasnifu ya mtu aliyekufa. Diski za zamani hazitangoji watoto wako. Kila ukipokea mashine, nakili kwanza, rekebisha baadaye.

Yamebaki madeni. Mita ya dijitali si yangu, ni ya fundi redio wa Katuba, mrudishie pamoja na waya zake. Chini ya meza kuna 386 ya mwalimu mstaafu mwenye kamusi yake ya Kisanga ndani, kazi aliyoiandika tangu akiwa kijana. Kadi nyingine ya CH375 nimeshaifunga humo, vijipini nimeshavipanga; bado kunakili. Amelipa nusu. Nusu iliyobaki usimdai kabla hajakaa mbele ya kompyuta yako na kufungua kila faili, kuanzia herufi A.

Mjomba wako