Kipupwe kilivyonikuta bustanini kwa mama

Najua nimepotea muda mrefu, mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, hosteli ile ile, joto la Dodoma lile lile. Nilikuwa nyumbani Dongobesh, Mbulu, nikifanya mazoezi ya kufundisha. Wenzangu walichagua shule za mjini, mimi nikaomba ya jirani na nyumbani, na sababu siyo kukwepa kupanga chumba kama mlivyokuwa mnanitania. Sababu ni mguu wa mama.

Mwezi wa tano bodaboda aliyompakia ilianguka kwenye utelezi, mguu ukavunjika. Nikaomba ruhusa, nikaenda wiki moja. Mvua zilikuwa za mwisho mwisho. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba, zikafika mpaka Mei, halafu zinakata. Bustani ya mama ilikuwa imejaa kijani mpaka njiani: mchicha wa kufika magotini, maboga yametambaa mpaka yamepanda uzio, maharage yamebaki kukauka tu. Nikaona mahali pana nafasi nikapanda miche arobaini ya nyanya. Hesabu nilishaipiga kichwani, nitaiuza mnadani Julai kabla bumu halijatoka. Nikamwambia mama aliyekuwa kitandani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nyanya, mwezi wa tano? Haya baba." (Mimi nina jina la babu, ndiyo maana ananiita baba.)

Sasa nikiikumbuka ile "haya" najua ilikuwa na maana gani.

Nilirudi Julai baada ya mitihani. Shikamoo mama, marahaba, nikapitiliza nyuma ya nyumba. Bustani siyo ile. Mchicha umedumaa na umetoa maua ukiwa mdogo. Majani ya maboga yamesinyaa, kamba zimebaki kama mishipa ya mzee. Mahindi yamekauka yakipigwa na upepo, yale makelele ya shwaa shwaa usiku kucha. Asubuhi ukungu mpaka saa nne, na umande unalowesha suruali hadi mapajani. Ukungu ukiondoka ndiyo unauona Mlima Hanang kule kusini, mita zake zaidi ya 3,400, na unakumbuka Katesh, maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80. Mama mdogo anaishi huko. Alipona yeye na watoto, bustani yake ikafukiwa na tope lote lile. Nitarudi kwake.

Nyanya zangu sasa. Zilikuwa na matunda mabichi, mazuri, na kwenye majani mabaka ya kahawia yenye ukungu mweupe kwa chini. Bakajani. Ugonjwa huu unapenda baridi na unyevunyevu, yaani hali ya hewa niliyoipandia mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Nikataka kutafuta dawa ya kupiga. Mama akaja na magongo yake, akasimama pale, akasema ng'oa zote leo.

"Mama, si tusubiri hata wiki?"

"Viazi vyangu viko pale."

Kumbe bakajani ya nyanya ndiyo hiyo hiyo ya viazi mviringo, na viazi vilikuwa hatua kumi tu upande wa upepo unakoelekea. Niling'oa miche yote arobaini, nikachimba shimo mbali, nikaifukia. Kwenye lundo la mbolea hairuhusiwi kwenda. Niwaambie ukweli, nilikasirika. Siyo kwa nyanya tu. Nilikasirika kwamba alijua tangu Mei na hakuniambia. Jioni nikamuuliza. Akasema siku ile nilikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia, angenikatalia ningekaa kitandani pake nimlilie.

Basi tukabaki na suala la maji. Hili ndilo hasa lililokuwa gumu. Kijito cha chini kilikuwa bado kinatiririka ila chembamba, na aliyekuwa akipandisha maji miaka yote ni mama. Tuta moja kwa siku linataka kama ndoo moja na nusu ya lita 20. Matuta yalikuwa tisa. Piga hesabu mwenyewe, kisha weka na kufundisha vipindi, kuandika maandalio ya somo, na mkufunzi anayeweza kutokea siku yoyote kukukagua. Siku ya kwanza nilibeba ndoo kumi na tatu, kina mama kijitoni wakacheka, "Mwalimu leo yuko kijitoni!" Siku ya nne mgongo ukagoma. Na mboga ndizo zinazomnunulia mdogo wangu wa kidato cha tatu madaftari, sabuni na vingine vyote. Yeye akirudi shule ni giza, sikutaka aanze kubeba maji usiku.

Mama akaketi kwenye kigoda katikati ya bustani, akawa anaonyesha kwa gongo. Hili acha life. Hili acha. Mchicha acha, huo ni wa joto, hata ukimwagilia utakutazama tu. Sukuma wiki baki nayo, baridi inaifanya tamu. Karoti baki nazo. Kitunguu saumu usikiguse, hicho ndicho kinachohitaji baridi ili kifunge kichwa, na kikikaribia kukomaa hakitaki maji kabisa. Kwa hiyo tukabaki na matuta manne ya kumwagilia, ndoo sita, na kwa sababu ya umande na jua dogo mara nyingi ndoo nne zilitosha. Matuta mengine tukayafunika mabua ya mahindi na samadi chini yake. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima nikisoma mbinu za kufundisha, na sijaona mtu anayepanga somo vile.

Darasani nako kulikuwa na kituko. Nafundisha jiografia kidato cha pili, majira manne ya mwaka, majani yanapukutika, theluji inaanguka. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi hapa sasa hivi tuko majira gani?" Amejifunika kitenge juu ya sweta. Vitabu vingine vya Kiswahili majira ya kupukutika majani vinayaita vuli, lakini vuli ya Waswahili ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Nikaacha kitabu. Nikawachorea jua likiwa Tropiki ya Kansa karibu na Juni 21, upepo wa kusi unaotoka kusini-mashariki, na ule upungufu wa karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nikawaambia hiki ni kipupwe, kisha nikauliza nani kwao mchicha umekufa. Mikono yote ikainuka.

Nilisema nitarudi kwa mama mdogo. Boga la kwetu ni mbegu ya bibi (sisi Wairaqw tunamwita Aama), alifariki nikiwa msingi. Mwaka huu mabaki ya kamba zile yalitupatia maboga matatu tu. Mama akapasua moja, akaosha mbegu, akaanika, akachanganya na majivu. "Nusu zetu, nusu za Katesh." Mama mdogo alipoteza za kwake kwenye tope, na misimu yote tangu hapo amepanda za kununua, anasema maji matupu.

Wiki iliyopita mama akapiga simu. Anatembea na gongo moja. Saumu imeuzwa, siyo kwa bei aliyoitaka, ila imeuzwa. Mawingu yameanza kujikusanya. Halafu akauliza, "Baba, zile mbegu uliziweka wapi?"

Jamani. Nikafungua begi. Chupa ya mbegu ipo, na majivu yake, imejificha kati ya madesa ya saikolojia ya elimu.

Kwa hiyo, kama kuna mtu yeyote anapanda basi la Babati wiki hii, tafadhali sana anitafute. Nauli ya soda nitatoa, na pale Babati mdogo wangu wa kike ataipokea. Ni chupa ndogo tu, haivuji.